Sikio la Bibi Kizee

Wazee wa Kisukuma husimulia habari za zimwi, jina lake Shing'weng'we, aliyewameza watu wote pamoja na ng'ombe wao. Akasalia mwanamke mmoja mwenye mimba, aliyejificha ndani ya makapi, naye akamzaa Masala Kulangwa. Kijana huyo kila alipoua kitu, hata panzi, alimwuliza mamaye, "Ndiye huyu?" Mwisho akamwua Shing'weng'we mwenyewe, akampasua, na watu wakatoka wazima. Lakini kisu chake kilimkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi akaghadhibika, akataka kumloga. Sisi tupendao kuhesabu waliookoka, sehemu hii twaipita upesi. Masala Kulangwa hakuipita; alitafuta dawa hata akamponya.

Mtu asiseme kwamba hiyo ni hadithi ya watoto tu. Katika nchi hiyo hiyo, huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, mwezi wa Oktoba 2015, duara la dhahabu liliporomoka likawafukia wachimbaji. Walikaa gizani siku 41, wakila mizizi, mende na vyura. Mwezi wa Novemba wakatolewa watano, wangali hai. Mwenzao alikuwa amefia chini. Nasi tulipopata habari tulimshukuru Mungu sana, kisha tukanyamaza.

Hapo ndipo hekima inapotuuliza: mtu aliyetolewa shimoni, naye kila usiku angali shimoni katika ndoto zake, je, ametoka? Hadithi ya wazee ilikwisha kuliona jambo hilo zamani, kabla ya matimba ya kwanza kusimamishwa Geita.

Nasi twakumbuka usiku ule bustanini, Petro alipomkata Malko sikio la kuume. Bwana wetu alikuwa akikamatwa, aende kufa kwa ajili ya ulimwengu wote. Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa kupita zote. Hata hivyo aliligusa sikio la mtumwa mmoja, tena mtumwa wa adui zake, akamponya.

Katika sharika zetu za Shinyanga na Geita wamo wajane wa maduara, nao wamo wanaume wasioweza kulala taa ikizimwa. Pengine ni wakali kama bibi yule, huketi nyuma na kuondoka kabla ya salamu. Jumapili hii tutoke mapema kidogo, tuwangoje mlangoni.