Mtoto Asitumwe: Nasaha kwa Wazazi Walioachana

Siku hizi tunajua kuoana, kuachana hatujui. Harusi ina kamati, ina mwenyekiti na mweka hazina. Talaka inatoka kwa ujumbe wa simu usiku wa manane, na alfajiri mama na watoto wako stendi na mabegi yao. Nimekaa miaka mingi na wazee wenzangu kusuluhisha ndoa, na ninayoyaona kwa watoto yamenishinda kuyanyamazia.

Sikusudii kuwaambia msiachane. Hilo lina mahali pake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya kufika mahakamani, na Waislamu wa Tanzania Bara wana baraza lao BAKWATA. Mkiitwa, njooni wenyewe. Anayemtuma mdogo wake amsemee barazani anatudharau sisi na mwenzake pia. Na huyo wa talaka ya simu ajue kwamba kwa sheria ya Bara ndoa haivunjiki mpaka mahakama itoe amri.

Neno langu kubwa ni moja: mtoto asitumwe.

Nimemwona binti wa darasa la nne, na sare yake, amesimama mlangoni mwa duka la vipuri la baba yake. Mkononi ana karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne: madaftari, rimu ya karatasi, mchango wa chakula. Mama amemwambia asirudi bila hela. Baba, mbele ya wateja, akamjibu: "Kamwambie mama yako akamwombe huyo bwana wake." Mtoto hakuingia, hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kando ya mlango mpaka jua likazama. Wazazi wale wote wawili wana simu, na kila mmoja anayo namba ya mwenzake.

Hiyo ni aibu, na hapa sina upole. Neno la "bwana wake" lilimhusu mkubwa, akalibeba mdogo. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, nami naongeza: ulimi ukijikwaa mbele ya mtoto, hakuna wa kuuokota. Mambo ya fedha wayaseme waliozaa. Kama huwezi kuisikia sauti ya mzazi mwenzio, andika ujumbe: kiasi gani, cha nini, kinatakiwa lini. Usikumbushie ya mwaka juzi, wala usichomekee kejeli. Hata hilo likiwashinda, mtafuteni mjomba au shangazi mmoja mwenye busara, apokee na kufikisha.

Baba, matunzo yako juu yako, mtoto akae kwako au kwa mama yake: chakula, mavazi, malazi, matibabu, elimu, kwa kadiri ya uwezo wako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwenda mbali zaidi: mtoto wa wazazi walioachana ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hamjatengana. Kwa hiyo kumtoa shule ili kumkomoa mama yake ni kumdhulumu mtoto haki yake. Tuma kwa simu, kumbukumbu ibaki, wala usisubiri kushukuriwa.

Mama, nawe nisikilize. Baba asipotuma, usimfungie mtoto ndani asimwone. Matunzo si kiingilio. Nenda Ustawi wa Jamii kwenye halmashauri yako, aitwe. Akikaidi, Mahakama ya Watoto ipo. Na baba aliyezuiwa kumwona mwanawe apite njia hiyohiyo, asikate matunzo. Mtoto anakula hata siku msizosalimiana. Kama mzazi anapiga au anamdhuru mtoto, hilo ni jambo jingine: nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, leo.

Sasa hii habari ya miaka saba. Kuna wanaume wanaohesabu siku. Mtoto akitimiza saba tu, wanakuja na baba mdogo na begi tupu: "Sheria inasema sasa ni wangu." Haisemi hivyo. Inasema huchukuliwa kuwa ni heri mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake, na hata hilo laweza kupingwa kwa sababu nzito. Baada ya saba hakuna kengele inayolia. Mahakama hutazama kwanza ustawi wa mtoto, humsikiliza mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na huzingatia ubaya wa kumhamishahamisha. Kumnyakua mtoto getini mwa shule kutoka kwa mzazi aliyekabidhiwa na mahakama ni kuvunja sheria, hata kama wewe ndiye uliyemzaa.

Mtoto asifundishwe maneno ya kumwambia afisa ustawi.

Asirekodiwe akilia.

Kiwanja na mtoto visiwekwe kwenye meza moja. Mali ina mlango wake: tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Dai chako huko. Usiseme "niachie nyumba nikupe mtoto."

Mawifi na mama wakwe usiwatukane. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mtoto huyo ataugua, ataoa au ataolewa, na mtakaa nao mkeka mmoja. Nanyi mashangazi mnaomhoji mtoto mama yake analala na nani, acheni.

Zamu mliyopanga iheshimuni. Sheria imempa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yake yasivurugike. Kama Jumamosi hii anakwenda kwa baba, mama, mpe nguo zilizofuliwa, dawa zake na madaftari yake, umpeleke kwa saa mliyokubaliana. Na wewe baba, uwepo nyumbani anapofika.