JE, NI KWELI MKONO MTUPU HAULAMBWI?

 

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili, picha moja ilipita kutoka simu hadi simu. Ilitumwa na dada yetu aliyeimba pamoja nasi katika kwaya, ambaye sasa anaishi Marekani na jamaa yake. Huko anafanya kazi ya kutunza wazee. Katika picha tuliona mama mzee ameketi kitini, na mapajani pake amelala mbwa mdogo mweupe, wa aina inayoitwa Maltese. Dada yetu akaandika hivi: "Huyu mama amesahau watu wengi, na watoto wake wanafika mara chache. Lakini kila asubuhi kambwa haka kanamrukia miguuni, kanamlamba mikono, kanamtazama usoni mpaka acheke. Usiku kanalala kitandani pake. Akienda hospitali, kanakaa mlangoni na hakataki kula."

Wengine walicheka. Kijana mmoja alikasirika, akasema: "Mbwa analala kitandani na kula nyama, na sisi mgao wetu unapunguzwa!" Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema: "Huyo hampendi mama. Anapenda nyama. Mkono mtupu haulambwi."

Tukatawanyika, lakini neno la mzee likatufuata hadi nyumbani. Sisi pia tunapokea kutoka mkono wa mwingine. Ikiwa anayelishwa hawezi kupenda, bali anautazama mkono tu, basi hata shukrani yetu kwa wanaotusaidia ni njaa iliyovaa nguo nzuri. Ndiyo maana tumeona vema tulichunguze jambo hili pamoja nanyi.

Mbwa wa kupakatwa

Huku kwetu mbwa ana kazi. Analinda nyumba, anafuata mbuzi, anakwenda porini na mwindaji. Lakini ziko aina za mbwa ambazo watu walizichagua, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya kukaa karibu na mtu tu. Maltese ni wa namna hiyo, na pia Pekingese aliyefugwa katika majumba ya wafalme wa China, na Chihuahua wa Mexico ambaye kwa kawaida hafikishi hata kilo 3. Hawa hawawezi kumzuia mwizi. Kazi yao ni kupakatwa.

Wenye kuwafuga wanasimulia mambo yanayofanana. Mwenye nyumba akitoka, mbwa analia. Akirudi, hata kama alikwenda dukani tu, anapokewa kama mtu aliyetoka safari ya mwaka. Akihama chumba, mbwa naye anahama. Akiketi, anapandiwa mapajani.

Wataalamu wamejaribu kujua kama hayo ni mapendo au ni tamaa ya chakula. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walieleza kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni kwa muda, homoni inayoitwa oksitosini inapanda katika miili ya wote wawili. Ni homoni ileile inayofanya kazi kwa mama anayenyonyesha mtoto wake. Kwa mbwamwitu waliolelewa na watu, hawakuliona jambo hilo. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Emory, kule Marekani, walitoa habari za mbwa 15 waliofundishwa kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walilinganisha furaha ya mbwa anayengojea chakula na furaha ya mbwa anayengojea kusifiwa na mwenyewe. Kwa mbwa 13 kati ya 15, kusifiwa kulifurahisha sawa na chakula, au kuliko chakula. Ni wawili tu waliochagua nyama waziwazi. Tafiti hizo hazikuwa za mbwa wadogo peke yao, lakini mbwa ni mbwa.

Basi mzee wetu alikuwa na haki kwa wale wawili.

Mkono uliokuwa mtupu

Tuwape mfano wa zamani. Mwaka 1568 Mary, malkia wa Uskoti, alishindwa vitani akakimbilia Uingereza kutafuta ulinzi kwa ndugu yake, malkia Elizabeth. Badala ya ulinzi alipata kifungo, akakaa mikononi mwa walinzi karibu miaka 19. Tarehe 8 Februari 1587 alikatwa kichwa. Mtu aliyeshuhudia siku hiyo aliandika kwamba mbwa wake mdogo alikutwa amejificha ndani ya nguo zake. Ilibidi atolewe kwa nguvu. Kisha akarudi, akalala kati ya kichwa na mabega ya maiti, hata akalowa damu, wakamchukua kumwosha.

Mkono wa maiti hauna nyama ya kutoa. Malkia huyo alikuwa amepoteza kiti, nchi na uhuru, na mbwa hakuwa na habari na hayo yote. Alimjua yeye mwenyewe.

Tena tunao ushuhuda wa karibu zaidi. Siku ile ya picha, mama mmoja wa kikundi cha akina mama alinyamaza muda mrefu. Mwishoni akasema kwamba mwaka 2018, walipokimbia kutoka Ituri, mbwa wao mdogo mwekundu aliwafuata. Siku mbili hawakuwa na kitu cha kumpa, kwa kuwa hata watoto walikuwa hawajala. Bado aliwafuata. Usiku, porini, alijilaza juu ya miguu ya mtoto mdogo. Walipofika Ziwa Albert, mwenye mtumbwi alikataa mbwa, maana hata watu hawakuenea. Wakamwacha ufukoni. "Aliingia majini mpaka kifuani," mama akasema. "Sijawahi kusema habari hii. Niliona haya kumlilia mbwa wakati watu wangu wamekufa."

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Mama, na wewe msomaji mwenye habari kama hiyo, hakuna haya. Machozi ya mbwa hayapunguzi machozi ya watu. Katika Biblia nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi habari za maskini aliyekuwa na kondoo mdogo mmoja tu, aliyekula chakula chake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake. Tajiri alipomchukua kondoo huyo, Daudi hakumcheka maskini kwa kupenda mnyama. Alimkasirikia tajiri.

Sisi tunaolishwa

Basi turudi kwa swali letu. Hatusemi kwamba chakula si kitu. Mbwa humjua mtu kwanza kwa mkono unaomlisha. Lakini hata mtoto mchanga humjua mama kwanza kwa maziwa, na hakuna anayemwambia mama, "Mtoto huyu hakupendi, anapenda ziwa." Mapendo mengi huanzia mkononi. Tunayajua kuwa ni ya kweli siku ile mkono unapokuwa mtupu na yule mwingine hajaondoka.

Kumbukeni pia yule mama wa kigeni, wa Siria-Foinike, katika Marko sura ya 7. Alikuja kumwombea binti yake, akaambiwa kwamba mkate wa watoto hautupiwi mbwa. Neno la Kigiriki lililotumika pale ni la mbwa wadogo, wale wa nyumbani. Yeye hakuondoka kwa hasira. Alijibu kwamba hata hao walio chini ya meza wanakula makombo ya watoto. Alikuwa mhitaji, na hakuficha. Uhitaji wake haukuyafanya mapendo yake kwa binti yake kuwa uongo, na alipewa alichoomba.

Vivyo hivyo na sisi. Kupanga mstari na kadi mkononi hakumwondolei mtu moyo wake. Anayetupa akidhani kwamba shukrani yetu ni tumbo tu, hajatujua bado.

Deni la mwenye mbwa

Lakini liko jambo la pili. Mtu aliyemfanya mwingine amtegemee ana deni. Mbwa wa kupakatwa hawezi kurudi porini. Watu ndio waliomfanya mdogo, na watu ndio waliomfundisha asiweze kukaa peke yake. Anayemnunua kama kitu cha kuchezea, kisha akamchoka na kumtupa, amefanya dhambi, hata kama mbwa hana wa kumshtaki.

Watu wa kale walilijua deni hili. Mwaka 1914, kule Ujerumani, lilipatikana kaburi la miaka kama 14,000, lenye mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Mwaka 2018 watafiti walioichunguza mifupa hiyo walisema mbwa huyo aliugua sana kwa majuma mengi, na hangeweza kuishi muda huo bila kutunzwa. Hakuwa na faida yoyote ya kuwinda. Watu walilisha mdomo usioweza kuwalipa.

Na kijana wetu aliyekasirika? Ana haki ya kuumia. Lakini si mbwa yule aliyekula mgao wetu. Tena dada yetu aliongeza neno moja katika ujumbe wake: "Majuma matatu ya kwanza kalinibwekea kila nikiingia." Huo ndio mpaka wa mbwa. Anawapenda wa nyumba yake, na mgeni anambwekea mpaka amzoee. Mtu ameagizwa kupita hapo, ampende hata aliye nje ya mlango, kabla hajamzoea.

Tulimpelekea mzee maneno haya kabla ya kuyachapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Methali ile ilitungwa kwa ajili ya watu."

Tunawaomba wazazi wawakataze watoto kuwapiga mbwa mawe. Mwenye mbwa ampeleke kuchanjwa kichaa cha mbwa, na aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha akimbilie kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mama yule atasimulia habari yake katika mkutano wa akina mama Alhamisi. Wenye habari kama hiyo, karibuni.