Kuhani, Tabibu na Mapunye

Mahubiri kuhusu sura ya 13 ya Mambo ya Walawi ni adimu, iwe kwa Wamenonite, Wakatoliki au Wasabato wa Musoma. Ni sura ndefu ya vipele, mabaka na upara, na mhubiri mwenye dakika thelathini ana mengine ya kusema. Lakini ndani yake yumo kuhani anayefanya kazi ambayo leo ni ya tabibu wa ngozi. Analetewa mtu mwenye pigo kichwani. Anaangalia kama nywele za mahali pale zimekuwa nyembamba na za manjano. Akiwa na shaka humtenga mgonjwa siku saba, humtazama tena, huagiza anyolewe kandokando bila kugusa penye pigo, kisha huhesabu siku saba nyingine. Nywele nyeusi zikiota, mtu amepona.

Kuhani huyo hana dawa. Hutazama, kisha hutamka: safi au najisi. Basi anayeona alama kwenye mwili wa mwenzake hupata wapi mamlaka ya kuitolea hukumu?

Swali hili limepata makali mapya kwa sababu ya demoskopu, lenzi yenye taa yake, inayoenea mfukoni, na inayokuza ngozi kama mara kumi hivi. Kwa macho matupu, mabaka ya upara kwenye vichwa vya watoto wawili wa Bunda yanaweza kufanana kabisa, na bibi aliyelea wajukuu wengi atasema yote ni mapunye. Lenzi huyatenganisha. Fangasi aitwaye Trichophyton violaceum, aliyezoeleka Afrika Mashariki, huingia ndani ya unywele na kuudhoofisha, nao hupinda kama alama ya mkato au kujisokota kama kizibuo. Hayo ndiyo mapunye. Mtoto wa pili ana vinywele vya milimita chache, vinene kwenye ncha na vyembamba vinapokaribia ngozi, mfano wa alama ya mshangao. Huyu hana fangasi. Kinga ya mwili wake imegeuka kushambulia mashina ya nywele, na ugonjwa wake hauambukizi.

Wa kwanza anahitaji vidonge, kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa, kwa kuwa dawa ya kupaka haifiki kwenye mzizi wa unywele. Wa pili, kama alifukuzwa shule kwa hofu ya kuwaambukiza wenzake, ameonewa. Na hapa Torati inashangaza: katika sura ileile kuna mstari unaosema kwamba mtu aliyepukutika nywele akabaki na upara ni safi. Anayeitumia sura hiyo kumnyanyapaa mwenye upara hakuisoma mpaka mwisho.

Yupo pia mtoto wa tatu, naye ndiye mgumu. Nywele zake zimekatika kwa urefu tofautitofauti, nyingine zimepasuka ncha, nyingine zimejikunja. Anajing'oa mwenyewe, huenda kwa wasiwasi, huenda bila hata kujitambua. Unywele umetoa siri ambayo kinywa hakijaitoa. Je, tabibu aitamke mbele ya mama aliyekuja na hasira za nauli na siku ya kazi iliyopotea? Wapo watakaosema ukweli ni ukweli. Lakini lenzi imeonyesha jinsi unywele ulivyokatika tu. Haikuonyesha nia, wala kosa. Neno "anajing'oa" likitupwa ovyo chumbani linaweza kumletea mtoto viboko jioni ileile, na aliyelitupa atakuwa ameongeza ugonjwa. Maswali ya upole, pengine tabibu akiwa faraghani na mtoto, yanatangulia tamko.

Anayetazama naye huja na kipimo chake. Alama ya mkato ilielezwa na madaktari wa Warsaw mwaka 2008. Mwaka 2011 madaktari wa Nice, Ufaransa, ndio walioandika kuhusu kizibuo, kwa kuwachunguza watoto weusi. Mganga aliyefundishwa kwa picha za nywele zilizonyooka anaweza kuona ugonjwa kwenye kipilipili kilichojikunja kwa asili yake. Na vitone vyeusi vya nywele zilizokatikia ngozini huonekana kwenye mapunye na kwenye ule ugonjwa wa kinga vilevile. Mwanafalsafa Mfaransa Georges Canguilhem, katika tasnifu yake ya udaktari wa tiba ya mwaka 1943, alidai kuwa afya na ugonjwa havitenganishwi na vipimo peke yake. Huko Butiama kungeweza kumpa mfano mzuri: Mwalimu Nyerere alichongwa meno kwa desturi ya Wazanaki. Daktari wa meno kutoka mbali angeandika "meno yameharibiwa". Wazee wa Kizanaki walimwona mtu wao.

Kwa watoto wa shule za msingi kuna kikwazo kingine, tena cha kawaida mno: kipara. Mama mwenye heshima zake hampeleki mtoto hospitali na kichwa kichafu. Humnyoa kwanza, na umbo lililokuwa likitafutwa linabaki kwenye wembe. Lile agizo la kutonyoa penye pigo linastahili kubandikwa ukutani, na chini yake onyo la kutochangia wembe au mashine isiyosafishwa.

Tamko la tabibu lisiishie kwenye cheti cha dawa. Mwalimu wa darasa anahitaji barua fupi: mtoto huyu haambukizi, arudi akae na wenzake. Hata mwenye mapunye halisi, akishaanza vidonge, kwa kawaida hana haja ya kufungiwa nyumbani mpaka nywele ziote. Nywele huchukua miezi kurudi, na muhula haumngoji.