Ni Kosa la Nani?



Siku hizi neno "vinasaba" limeingia Kambarage kwa mlango wa ugomvi. Mtu akilisikia, hufikiri habari za baba anayemkana mtoto, na safari ya kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye amekabidhiwa usimamizi wa vipimo hivyo kwa sheria ya mwaka 2009. Si ajabu basi kwamba wengi wetu tumelichukua kuwa ni neno la mashitaka. Leo nataka kulitumia kwa kazi nyingine, yaani kujibu swali ambalo mama mmoja aliniuliza, nami siku ile sikuwa na jibu lake zima. Swali lenyewe ni hili: mtoto akizaliwa na hali ambayo baba na mama hawakuiomba, ni kosa la nani?

Nilikuwa nakaribia kustaafu, nikifundisha katika kijiji kimoja nje ya mji huu. Binti mmoja niliyemfundisha zamani alijifungua mtoto mwenye ualbino. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Alipoitwa nyumbani, alimtazama mtoto akasema maneno mawili tu: "Kwetu hakuna." Ukoo wake ukaungana naye. Wengine walisema mama amezini. Wengine walisema alimcheka mtu mwenye ualbino alipokuwa mjamzito, sasa amelipwa. Juma la tatu akarudishwa kwao, mtoto mgongoni. Akaja kwangu jioni, akapiga goti akasema, "Shikamoo, mwalimu. Wewe umesoma. Nieleze, nimefanya nini?"

Basi nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Karibu kila seli ina nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Ndani ya kila uzi mna DNA, yenye umbo la ngazi ya kamba iliyosokotwa. Umbo hilo lilitangazwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, nao walisaidiwa na picha ya eksirei iliyotoka katika kazi ya Rosalind Franklin. Vipandio vya ngazi hiyo ni kama maandishi yenye herufi nne tu, A, T, G na C; lakini herufi hizo, katika seti moja tuipokeayo kwa mzazi mmoja, zapata bilioni 3. Kipande cha maandishi hayo chenye agizo fulani kwa mwili ndicho tunachokiita jeni. Jeni za mwanadamu zapata 20,000, na karibu kila moja tunayo mara mbili, ya mama na ya baba.

Wazee wetu walidhani urithi ni kama uji, kwamba wa mama na wa baba hukorogwa pamoja. Sivyo. Aliyetuonyesha ni mtawa mmoja, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Alichanganya njegere za punje laini na zile za punje zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza punje zote zilikuwa laini, ungedhani mikunjo imepotea kabisa. Kizazi cha pili mikunjo ikarudi, kama punje moja katika kila nne. Haikupotea, ilijificha tu.

Nilichukua vizibo vinne vya soda, vile tunavyovitumia kufundishia watoto kuhesabu. Viwili niliviacha safi, viwili nikavitia alama ya mkaa. Nikampa mama kizibo kimoja safi na kimoja chenye alama, na kwa niaba ya mumewe nikashika vivyo hivyo. Kizibo safi ni jeni yenye agizo kamili la kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho. Chenye alama ni jeni hiyo hiyo iliyopungukiwa. Mwenye kizibo kimoja safi hutengeneza rangi ya kutosha, wala hajui kwamba amebeba kingine. Kila mzazi humpa mtoto kimoja tu, pasipo kuchagua. Kwa hiyo kuna njia nne: safi na safi, safi na alama, alama na safi, alama na alama. Ni ile ya nne tu inayoleta ualbino. Na kila mimba hesabu huanza upya, moja kwa nne, hata kama mtoto wa kwanza amekwisha kuzaliwa hivyo.

Binti alivitazama vizibo kwa muda mrefu. Akasema, "Basi na mume wangu anacho."

"Anacho," nikamjibu. "Asingekuwa nacho, mtoto huyu asingezaliwa hivi."

Yule mume nilimwita baadaye. Alikuja, maana katika nchi yetu mwalimu bado huheshimiwa, nikamwonyesha vizibo vile vile. Alivigeuza mkononi, akasema, "Kumbe mwalimu, kosa ni letu sote wawili." Nikafurahi kama mwalimu ambaye somo lake limeeleweka. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri. Niligundua kwamba mimi na yeye hatujaelewa. Nilikuwa nimeligawa kosa mafungu mawili sawasawa, sikuwa nimeliondoa. Nilipaswa kumwambia kwamba kosa halipo. Kuna urithi, na urithi si kosa.

Hebu tuupime urithi huo. Hesabu inayotumiwa sana kwa Tanzania ni kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Kwa kanuni za Mendel, hesabu hiyo ina maana kwamba mtu mmoja kati ya 19 hivi anabeba jeni hiyo pasipo kujua. Kanisa likikaa watu 190 siku ya Pasaka, hesabu yatupa watu 10: labda mzee wa kanisa, labda mwimbaji wa kwaya, labda mimi niandikaye. Yule mume aliposema "Kwetu hakuna", alisema jambo ambalo ni koo chache mno zinazoweza kulisema kwa hakika.

Tena, mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Watanzania wenye ualbino. Wengi wao walionekana kuwa na pengo moja lile lile katika jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15: kipande cha herufi kama 2,700 kimekosekana. Pengo hilo hilo limepatikana kwa watu wa Afrika ya Kusini na nchi nyingine za Kiafrika. Wataalamu wanaona kwamba lilitoka kwa mzazi mmoja wa kale sana, kabla Wabantu hawajatawanyika. Maana yake, Msukuma, Mhaya na Mzulu wanaweza kuwa wamelipokea kutoka kwa babu mmoja. Mtoto yule aliyeitwa mgeni katika nyumba ya baba yake alikuwa na alama ya ujamaa iliyo ya kale kuliko majina ya makabila yetu.

Sasa hatuna budi kusema yale yanayotuumiza. Nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba watu hao hawafi, ila hutoweka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojiuliza ni kwa nini basi hatukuona mazishi yao. Kuanzia mwaka 2007 dunia nzima ilisikia jina la kanda yetu kwa aibu, kwa sababu ya mauaji ya watu waliowindwa viungo vyao, wauaji wakidanganywa kwamba viungo hivyo huvuta dhahabu mgodini na samaki ziwani. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Februari yake mtoto wa mwaka mmoja akaibwa Chato, akakutwa amekufa. Mwaka 2024, huko Muleba, iliuawa roho nyingine ya miaka miwili na nusu. Hapa kwetu, watoto wengi waliletwa Buhangija ili walale salama, mbali na mama zao.

Msomaji aweza kusema, "Mwalimu, dawa ni elimu. Watu wakijua jeni, mauaji yatakwisha." Natamani iwe hivyo. Lakini anunuaye mkono wa mtoto hakukosa somo la baiolojia peke yake. Amekosa hofu ya Mungu, na amepata tamaa ya mali.

Na kabla sijaendelea kuwasema wengine, yanipasa nijiseme mwenyewe. Mwaka 1984 nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, nikapewa darasa la nne. Alikuwamo mvulana mwenye ualbino. Nilipanga wanafunzi kwa urefu, naye kwa kuwa alikuwa mrefu nikamweka nyuma. Hakunakili kazi ubaoni hata siku moja ikakamilika. Aliinamisha kichwa upande, macho yake yakicheza, nami nikadhani ananidharau. Nilimchapa kwa uvivu. Nilimchapa mara nyingi. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni.

Rangi ile inayokosekana katika ngozi huhitajiwa pia jicho linapojengeka tumboni mwa mama, ndiyo maana karibu wote wenye ualbino huona mbali kwa shida, na miwani haimalizi shida hiyo. Wala siwezi kusema kwamba urithi haukufundishwa zama zetu. Chuoni nilifundishwa njegere za Mendel. Niliweza kuchora jedwali lake lote, nikapata alama nzuri katika mtihani. Nilikuwa na elimu ya jeni kichwani na fimbo mkononi, wala sikumwuliza mtoto swali moja: "Unaona?"

Kwa hiyo sasa naweza kumjibu yule mama kuliko nilivyomjibu siku ile. Kosa huanza pale ambapo kuchagua kunaanza. Jeni haichagui. Mama hakuchagua kizibo gani kishuke, wala baba, wala mtoto. Lakini baba alichagua kusema "Kwetu hakuna". Ukoo ulichagua kuunga mkono. Muuaji alichagua. Mimi nilichagua fimbo. Twasoma katika Yohana sura ya 9 kwamba wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua dhambi ni ya nani, ya kwake au ya wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili, kisha akaifanya kazi iliyokuwa mbele yake. Tunapomwona mtoto aliyezaliwa tofauti, swali letu la kwanza huwa ni nani alaumiwe. Swali la Bwana lilikuwa ni nini kifanyike.

Nawaonya pia juu ya hatari moja. Elimu iliyomtoa mama katika lawama yaweza kuleta lawama mpya. Siku moja yaweza kuwa desturi kuwapima wachumba kabla ya ndoa. Kwa ugonjwa wa selimundu, ambao nao hurithiwa kwa njia hiyo hiyo ya vizibo viwili na ni mwingi katika Kanda ya Ziwa, kupima kuna faida kubwa, maana mtoto atambuliwaye mapema hupata tiba mapema na kuepushwa maumivu mengi. Wachumba na wapime, wajue, washauriwe, waamue wenyewe. Lakini siku tutakapoanza kusema, "Binti wa nyumba ile ana vinasaba vibaya," tutakuwa tumerudi kwa mpiga ramli, tofauti ni kwamba sasa amevaa koti jeupe. Kila mmoja wetu amebeba upungufu fulani uliojificha. Aliyepimwa ni yule tu ambaye wake umejulikana.

Basi kazi iliyo mbele yetu si kubwa isiyowezekana. Mama akijifungua mtoto mwenye ualbino, akina mama wa mtaa waende siku ile ile, wambebe mtoto mbele ya wakwe. Walimu, mketisheni mbele, mwandike kwa herufi kubwa, mmsomee yaliyo ubaoni. Wazazi, jua ni adui wa ngozi yake: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama yale yatengenezwayo KCMC Moshi, maana saratani ya ngozi nayo inaua, ingawa bila panga. Nasi sote tuache lile jina la zamani la dharau. Ana jina lake la ubatizo.

Yule mume hakurudi kuishi na mkewe. Lakini mwaka mtoto alipoanza darasa la kwanza, alituma sare na kofia, na jina la ukoo wake likaandikwa katika daftari la shule. Mama aliniletea habari hiyo mwenyewe. Mvulana wangu wa darasa la nne sikumwona tena. Nimemtafuta, na nikimpata nitamwomba msamaha kwa jina lake.

Mungu atusaidie kuona.