Tiketi ya bahati nasibu: sadaka au mkeka?



Likizo iliyopita nilikuta vijana wa parokia yetu wanatafuta pesa za kumalizia kituo cha vijana mtaani kwetu. Kuta zilishasimama, bado bati na madirisha. Wakaamua kuchezesha bahati nasibu: tiketi shilingi 2,000, zawadi ya kwanza baiskeli, ya pili mbuzi, ya tatu gunia la mchele. Mimi frateri nikapewa kitabu cha tiketi niuze baada ya Misa.

Niliuza haraka, tena kwa maneno matamu: "Mama, baiskeli hiyo inakuita!" Basi akaja kijana wa rika langu, fundi pikipiki. Akatoa 20,000, akataka tiketi kumi. "Frateri," akasema akicheka, "wiki hii mkeka wangu umechanika. Ngoja nijaribu mkeka wa Kanisa."

Nikapokea. Lakini jioni ile Masifu yalinishinda.

Je, nilikosea? Katekisimu, namba 2413, haisemi kwamba mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe. Unakuwa mbaya unapomnyima mtu riziki yake na ya wanaomtegemea, na tunaonywa kuwa shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Hata Mtakatifu Yohane Bosko, katika miaka ya 1850 kule Torino, alichezesha bahati nasibu kwa ajili ya kazi yake ya kulea vijana. Kwa hiyo tiketi zenyewe hazikuwa na shida.

Ila Kanisa linatufundisha kupima mambo matatu: tendo lenyewe, nia, na mazingira. Nia yetu ilikuwa njema, kituo kinahitajika kweli. Mazingira ndiyo niliyafumbia macho. Mbele yangu alisimama mtu ambaye kubeti kunamla, na mimi, kwa ajili ya bati, nikamwongezea njaa ileile. Tunajenga kituo ili kuwaokoa vijana na mikeka, halafu tunakijenga kwa mkeka wa kijana?

Utaniambia: "Frateri, bila zawadi watu hawatoi." Ni kweli, nami sitaki kujifanya mtakatifu. Yule mjane wa Injili ya Marko alitoa senti zake mbili bila kungoja droo yoyote, lakini wengi wetu bado hatujafika pale. Zawadi inaweza kutusogeza. Kipimo changu sasa ni hiki: tiketi yako isipotoka, utarudi nyumbani ukifurahi kwamba kituo kimepata bati, au utajiona umeibiwa? Na wewe muuzaji, unamwonyesha mnunuzi kituo au unamwonyesha baiskeli tu?

Kesho yake nilikwenda gereji, nikamrudishia 16,000 na kumwachia tiketi mbili. Hakufurahi. "Kwani hela yangu chafu?" Nikamjibu, "Hapana, kaka. Mimi ndiye niliyeuza vibaya." Akazitia mfukoni, akarudi kwenye pikipiki yake. Inawezekana jioni ileile alizibetia. Hilo sina uwezo nalo. Lililo langu ni kile ninachokiamsha ndani ya mtu ninapomwomba pesa.

Kisha nikawaomba vijana tukubaliane: mtu asizidi tiketi mbili, watoto wasiuziwe, mapato yatangazwe kanisani hadharani. Wengine walinung'unika, na kweli tulipata pungufu. Bati zimepatikana, madirisha bado. Mvua ikija na upepo, tunasogeza viti katikati.

Ndugu yangu, wiki hii ukiombwa kuchangia jambo jema, jiulize kabla ya kutoa: ningetoa hata kama hakuna zawadi? Kama jibu ni hapana, usikate tamaa. Toa kidogo, kisha mwombe Bwana akuongezee moyo.

Mtakatifu Yohane Bosko, utuombee.