Hofu ya Nani Huleta Chanjo?

Tarehe 14 Julai 2019 Ebola ilithibitishwa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza. Siku tatu baadaye, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Gonjwa hilo lilikuwa limeua watu Beni na Butembo kwa karibu mwaka mzima, lakini Goma ina uwanja wa ndege na imepakana na Rwanda.

Mwaka huo huo surua ilikuwa inapita Kongo nzima. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Agosti 2020, watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameshakufa, wengi wao watoto wadogo. Ebola ya Kivu na Ituri iliua 2,287. Surua ina chanjo tangu 1963, na bei ya dozi haifiki dola moja.

Basi nikifikiria chanjo ya bei nafuu itakayokinga surua na kichaa cha mbwa kwa pamoja, siulizi kwanza kama inawezekana. Wanasayansi wa Philadelphia walishachukua kirusi cha kichaa cha mbwa, wakakibebesha kipande cha Ebola, wakakiua, na wanyama wa maabara waliochanjwa nacho wakapata kinga. Swali langu ni hili: nani atakayeona umuhimu wake?

Maana magonjwa haya mawili hayatudai kitu kimoja. Surua huruka toka mtoto hadi mtoto, hivyo ukimchanja wako umemkinga na wa jirani. Kichaa cha mbwa hakiendi hivyo. Chanjo ya mtoto humlinda yeye peke yake. Anayelinda mtaa mzima ni mbwa aliyechanjwa. Kila mwaka watu wapatao 59,000 hufa duniani kwa ugonjwa huo, mmoja huku, mmoja kule, na hakuna mpaka unaofungwa kwa ajili yao.

Na hiyo nafuu yenyewe? Chupa ya surua mara nyingi ina dozi 10, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi mwenye watoto wawili tu barazani husita kuifungua, akamwambia mama arudi siku nyingine. Mama ametoka mbali kwa miguu, ameacha shamba au meza yake ya sokoni. Januari 2025 vita vikafunga uwanja wa ndege wa Goma, na kila sanduku la barafu la chanjo likawa safari mpya. Gharama hizo haziandikwi kwenye chupa. Ndiyo sababu naipenda sindano ya pamoja: mama atembee mara moja, apate mbili. Sina sababu nyingine, na hiyo yatosha.

Ila tusiingoje tumekaa. Mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo aanze chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Na mbwa wako mpeleke achanjwe.