Kijiti cha Hajiri, Mti wa Ibrahimu

Tafakari ya juma. Somo: Mwanzo 21:14–19 na 21:33



Sura ya 21 ya Mwanzo ina mimea miwili, na sisi wahubiri huipita yote kwa sababu tuna haraka ya kufika kwa Isaka. Wa kwanza ni kijiti cha nyikani. Hajiri amefukuzwa nyumbani, maji yamekwisha, mtoto yu taabani. Anamlaza chini ya kijiti, kisha anakwenda kuketi mbali asimwone akikata roho. Wa pili unakuja sura inapokaribia kwisha. Ibrahimu na Abimeleki wamegombania kisima, wamepatana, wameapishana, na baada ya hayo Ibrahimu anapanda mti pale Beer-sheba na kuliitia jina la Bwana. Biblia yetu inauita mkwaju.

Nyika ni ile ile moja. Kijiti hakuna aliyekipanda wala aliyekinyweshea, lakini siku mtoto alipotupwa kilikuwepo, na kivuli chake kilikuwa tayari. Mti wa pili umepandwa na mzee aliyekwisha kupita miaka mia moja, tena kwenye nchi ya Wafilisti ambako yeye ni mgeni, hana hata kipande cha kaburi. Maandiko hayatuambii kwa nini aliupanda. Mimi naona mtu aliyekwisha kusumbukia kisima anajua thamani ya maji, na hawezi kuchagua mti utakaomlazimu kuteka kila jioni.

Nimekaa na somo hili kwa sababu ya viwanja vyetu vya Nyahanga. Hapa Kahama mvua zikianza Novemba kila kitu huota, hata kisichopandwa, na mtu akipita Januari atadhani kila nyumba ina mtunza bustani. Mei mbingu inafunga. Kuanzia Juni hadi Oktoba hatuoni mvua ya maana, na hapo ndipo bustani hujulikana ni ya nani. Maua yaliyonunuliwa kwa bei yamekauka ndani ya vyungu. Zulia la nyasi mbele ya nyumba limebaki kijani kwa sababu moja tu, mpira wa maji umelala juu yake tangu alfajiri. Maji hayo yamevutwa kutoka Ziwa Victoria pale Ihelele, Misungwi, yakasafishwa, yakasukumwa kwa umeme hadi kwetu. Wazee wa kanisa hili wanaikumbuka vizuri Kahama ya madumu na foleni za kisimani. Sijasema kunyweshea maua ni dhambi. Nasema tu kwamba yapo mengi mazuri ambayo Mungu ameyaumba yakiwa yamekwisha kujua kiangazi chetu, na tumeyapa kisogo.

Tena sisi wa Shinyanga hatuhitaji kwenda mbali kujifunza jambo hili. Mkoa wetu uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, na jina hilo halikuja bure. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya Usukuma ili mbung'o wakose mahali pa kukaa. Pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikaendelea kukatwa. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa wakaacha ngitili zao nyuma bila mwangalizi. Kwa vijana waliokulia mjini: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe hawaingii, majani na miti inapumua, kisha linafunguliwa kiangazi kikikaza, wakati ndama na maksai hawana pa kula. Kila familia ingeweza kuwa na yake, na kijiji kikawa na ya wote. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa kama hekta 600 tu.

HASHI nao walianza kama sisi wote tunavyoanza: vitalu, miche, miti ya kigeni inayokua upesi. Kazi ile haikupotea. Lakini nchi ilirudi kweli pale walipowasikiliza wafugaji na kuwaacha wafunge ngitili zao upya. Sheria zilitungwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa kijiji, sungusungu wakazisimamia, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini iitwayo mchenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa hekta zaidi ya 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Akina mama waliokuwa wakishinda njiani kutafuta kuni wakazipata karibu na nyumbani, pamoja na uyoga, asali, dawa na nyasi za kuezekea.

Linalonigusa zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi iliyoonekana tupu, ng'ombe walikuwa wakitafuna kila chipukizi kabla halijawa mti. Walipozuiwa, migunga ikasimama yenyewe. Nilipoelewa hilo niliwafikiria wale wazee wa dagashida kwa heshima mpya. Kusimama mwezi wa Februari mbele ya majani mabichi yanayofika kiunoni, ng'ombe wako wakiwa nje, na kusema "bado", huo ni mfungo. Mambo ya Walawi sura ya 25 inadai pumziko la ardhi kwa sheria ya Musa, na wazee wetu walikuwa na pumziko la kwao.

Sasa turudi kwenye viwanja vya Nyahanga. Jambo la kwanza halina gharama: angalia kinachoota chenyewe kabla ya kukifyeka. Kisiki cha mgunga kinachochipua kila mwaka nyuma ya choo chako kina mizizi ambayo mche wa kununua utaitafuta kwa miaka. Chagua chipukizi moja au mawili yaliyonyooka, punguza mengine, lizungushie miiba. Na ukoka, ambao tunaung'oa kwa jembe kana kwamba ni adui, ni nyasi ya kwetu. Kiangazi utakuwa wa kahawia, mvua ya kwanza ikinyesha utarudi. Tatizo ni sisi tunaoona aibu mgeni akikuta kahawia.

Kwa kupanda, mkwaju ni wa kwanza, ingawa ninajua mtasema unachelewa. Ndiyo, unachelewa, uliotoka kwenye mbegu unaweza kuchukua miaka saba, kumi au zaidi kabla ya kuzaa, lakini ukishakolea unaishi kuliko aliyeupanda na watoto wake. Loweka mbegu usiku kucha kabla ya kuzitia kwenye viriba. Usiupande kwenye udongo mweusi wa mbuga unaotuamisha maji masika. Unapenda luseni, udongo wa kichanga, na mahali palipoinuka. Mlonge ni wa watu wasio na subira, unashika hata kwa kipande cha tawi, na majani yake ni mboga. Shubiri huhifadhi maji ndani ya majani, na ukiwa na moja baada ya muda utakuwa na za kuwagawia jirani wote. Bogonvilia huchanua sana inapokosa maji kidogo, na ukiinywesha kila siku itakupa majani matupu. (Wahubiri wenzangu, msiliharakie hilo kulifanya mahubiri. Mwacheni mtu aitazame kwanza.) Minyara mnaifahamu, ndiyo ua wa boma la Msukuma tangu zamani, kipande tu kinachomekwa ardhini na kazi imekwisha. Ila watoto waonywe kuhusu utomvu wake, ukiingia machoni ni hatari. Mkalitusi sikatai kwa nguzo, lakini usiuweke karibu na kisima.

Kustahimili ukame si kuzaliwa na ukame. Mche wowote unahitaji kunyweshewa kiangazi chake cha kwanza, na mara nyingi cha pili, mpaka mizizi ishuke. Maji ya kuoshea mboga yanatosha. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kitundu kidogo chini na kufukiwa kando ya mche inatoa maji polepole bila kupoteza. Na tuache kuchoma majani yaliyofagiwa. Najua uwanja uliofagiwa hadi udongo ung'ae ni heshima ya mama wa nyumba, tena unasaidia kumwona nyoka mapema, na sitagombana na akina mama kwa hilo. Fagieni njia na mlango, lakini yale majani yarudi kwenye shina la mti yawe matandazo, hata unene wa kiganja. Udongo uliofunikwa haukauki upesi.

Kuna jambo moja kuhusu tarehe. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili. Kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro na Pwani masika ndiyo yanakolea, wamebarikiwa. Kwetu sisi mvua iko mlangoni inaaga, na mche uliopandwa siku ya sherehe unakutana na Juni ukiwa bado mtoto. Sisi tupande mwishoni mwa Novemba au Desemba, kisha Aprili twende kwenye sherehe kukagua miche iliyoshika.

Najua pia swali ambalo wengi hawatalisema kanisani. Nusu yetu hapa ni wapangaji. Wengine wamekuja kwa ajili ya dhahabu, leo wako Kahama, mwezi ujao wamesikia mlipuko mpya wa dhahabu huko Geita, wamefunga virago. Mapori yetu yenyewe mengi yameshuka kwenye maduara ya wachimbaji yakawa matimba ya kushikilia kuta, mengine yamepanda magunia ya mkaa. Mtu wa namna hiyo apande mti wa miaka kumi kwenye kiwanja cha mwenye nyumba ambaye hata bomba anampimia? Siwezi kumlaumu anayesita. Lakini ndiyo maana nimeanza na Beer-sheba. Ibrahimu alikuwa mpangaji kuliko ninyi. Kisima alikichimba mwenyewe, akakithibitisha kwa kiapo na kondoo saba, na ardhi ilibaki ya wengine. Alipanda hapo hapo, akakaa siku nyingi kama mgeni, na aliyefaidi kivuli kile hatumjui. Hajiri naye alipopata kivuli hakumjua wa kumshukuru isipokuwa Mungu aliyesikia sauti ya mtoto.

Kwa hiyo mwaka huu tutaanza na uwanja wa kanisa. Nyasi za zulia zilizo mbele ya mlango hatutazinywesha tena. Zitakazokufa zife, ukoka utachukua nafasi yake. Vijana watachimba mashimo Oktoba, kabla ardhi haijawa tope, na kila shimo lichanganywe samadi iliyooza. Umoja wa akina mama wataleta vipande vya minyara na machipukizi ya shubiri. Shule ya Jumapili wamepewa miche ya mkwaju, kila darasa na wake, na watainywesha kiangazi kijacho. Wenye nafasi nyumbani waje wachukue mbegu kwa katibu. Suala la mbuzi wanaoingia kwa upande wa barabarani tutalijadili kwenye kikao cha wazee Jumamosi, na wenye mbuzi hao, ambao wote tunawafahamu, wanaombwa kuhudhuria.